Mtoto mchanga achomwe pajani, si takoni

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nijibu hoja ambayo nimeisikia kwenye mabenchi ya kliniki muda wote wa utumishi wangu wa uuguzi, kwamba sindano ya chanjo ya mtoto mchanga ingefaa ichomwe takoni, penye nyama, badala ya pajani ambako mtoto huonekana kuumia zaidi. Wanaosema hivyo, hasa bibi zetu, wanasukumwa na huruma, lakini maumbile ya mtoto hayawaungi mkono.

Msuli mkubwa wa mbele ya paja una sehemu nne. Moja inaanzia kwenye mfupa wa nyonga na tatu kwenye mfupa wa paja wenyewe, kisha zote zinaungana juu ya pia ya goti na kuwa kano moja iendayo kushika mfupa wa muundi. Ndizo zinazonyoosha goti tunapoinuka mkekani. Kubwa kuliko zote ni ile ya upande wa nje, na hiyo ndiyo muuguzi anayoilenga, katikati ya nyonga na goti. Mtoto wa wiki 6 anayeletwa kwa dozi ya kwanza ya Penta, chanjo inayokinga magonjwa matano kwa pamoja, tayari anayo ikiwa nene ya kutosha, ilhali mshipa mkubwa wa damu na neva ya misuli hiyo hushuka kutoka kwenye kinena, upande wa mbele na wa ndani, mbali na sindano.

Tako la mtoto ambaye hajaanza kutembea lina mafuta mengi na misuli michache, na ndani yake inapita neva nene kuliko zote mwilini. Nchini Uganda madaktari wameandika kuhusu watoto waliolemaa mguu baada ya kuchomwa kwinini takoni. Hata hivyo, paja nalo si la kuchezewa: sindano za dawa zikirudiwa mno mahali pamoja, msuli huweza kuweka kovu na kukaza hadi goti lishindwe kukunjika. Dozi chache za chanjo hazina hatari hiyo. Onyo hilo ni kwa wazazi wanaonunua dawa dukani na kumwomba jirani achome.

Ninashauri kila kliniki ibandike mchoro wa paja ukutani, palepale akina mama wanaposubiri, ili muuguzi mwenye foleni ndefu asilazimike kueleza upya kila asubuhi.

Muuguzi mstaafu,
Tanga