Ada ya VETA si kikwazo: nauli, chakula na vifaa ndivyo vinavyowarudisha vijana nyumbani

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nichangie mjadala wa ajira za vijana, ambao kila ufikapo msimu wa bajeti hugeuka kuwa hesabu ya majengo: chuo kipya wilaya hii, karakana mpya wilaya ile. Sipingi majengo. Nimefundisha ufundi wa umeme wa majumbani kwa sehemu kubwa ya maisha yangu ya kazi, na najua taabu ya darasa zima kugombea ubao mmoja wa mazoezi. Azma ya Serikali ya kuwa na chuo cha ufundi stadi katika kila wilaya ni njema, na wanaoibeza hawajawahi kumsafirisha mtoto kutoka Mlele au Kilindi kwenda kutafuta chuo mkoa mwingine. Hata hivyo, chuo kikishajengwa jirani, kijana anayetoka katika kaya inayoishi kwa vibarua bado anaweza asikanyage humo, au akaingia na kuacha katikati ya mwaka, kwa sababu ambazo haziandikwi katika tangazo la kujiunga.

Ada si sababu kubwa. Katika vyuo vya VETA, mamlaka ya Serikali ya mafunzo ya ufundi stadi, kozi ndefu zimekuwa zikitozwa Sh60,000 kwa mwaka kwa anayesoma kutwa na Sh120,000 kwa anayekaa bwenini, kiasi ambacho mama anayeuza mihogo sokoni anaweza kukikusanya kwa kujinyima, au ndugu wakakichanga. Tuangalie nauli. Kwa viwango vya daladala vilivyotangazwa na LATRA, mamlaka inayodhibiti usafiri wa ardhini, mwishoni mwa mwaka 2023, safari fupi ya Dar es Salaam ni Sh600 kwa mtu mzima, na kijana wa chuo asiyevaa sare ya shule hutozwa kama mtu mzima. Anayetoka Mbagala ndani na kulazimika kupanda magari mawili hutumia Sh2,400 kwa siku kwenda na kurudi, yaani Sh12,000 kwa wiki ya siku tano, na baada ya wiki tano tu anakuwa ameshalipa kwa makondakta fedha inayolingana na ada ya mwaka mzima. Hapo hajala. Hajanunua ovaroli, viatu vya kazi, wala ile orodha ya bisibisi, koleo na tesa ambayo kila mwanafunzi hutakiwa kufika nayo mwenyewe.

Zaidi ya hayo, kijana wa miaka kumi na minane katika kaya ya namna hiyo si mtegemezi. Anabeba mizigo sokoni, anaosha magari, anapokezana bodaboda na kaka yake, na kile anacholeta jioni ndicho kinachonunua unga. Siku anayokaa darasani, kaya inapoteza kipato chake na wakati huohuo inaongezewa nauli yake. Wakuu wa vyuo huandika katika daftari kwamba mwanafunzi ameacha kwa utoro. Wengi wa hao niliowafuatilia sikuwakuta vijiweni, niliwakuta kazini, wakichanganya zege.

Ndiyo maana naona ajabu namna tunavyogawa msaada. Tangu Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu ianzishwe kwa sheria ya mwaka 2004, nchi hii imekubali kwamba mwanafunzi wa chuo kikuu hawezi kusoma kwa ada peke yake, na kwa hiyo humkopesha pia fedha ya chakula na malazi, lile bumu ambalo likichelewa wiki mbili habari hufika bungeni. Miaka ya karibuni mikopo imefikishwa hata kwa wanafunzi wa stashahada katika baadhi ya fani, jambo la kupongezwa. Lakini yule aliyeishia kidato cha nne kwa alama hafifu, au aliyemaliza darasa la saba na kwenda kujifunza uashi, ambaye kwa kawaida ndiye anayetoka katika nyumba maskini zaidi, anadhaniwa kwamba atakula upepo. Sisemi mwanafunzi wa chuo kikuu apunguziwe. Nasema kwamba hoja iliyompa yeye fedha ya chakula inamhusu fundi mwanafunzi kwa uzito uleule, na pengine zaidi.

Fedha itoke wapi? Tanzania Bara tunayo tozo ya kuendeleza ufundi stadi, ambayo wahasibu huiita SDL, inayolipwa na waajiri kwa kukokotoa asilimia ya mishahara wanayolipa. Waajiri wamekuwa wakiilalamikia kwa miaka, nayo imepunguzwa hatua kwa hatua kutoka asilimia 6 hadi asilimia 3.5 kuanzia Julai 2023. Jina lake linatamka ufundi stadi, lakini theluthi moja tu ya makusanyo ndiyo iliyotengwa kwa ajili ya VETA, na sehemu kubwa iliyobaki imekuwa ikielekezwa kwenye elimu ya juu. Nashauri kwamba kabla ya kufikiria kodi mpya, sehemu ya tozo hiyo irudishwe kwa walengwa wake kama posho ndogo ya nauli na mlo wa mchana kwa wanafunzi wa kutwa wanaotoka katika kaya zilizokwisha kutambuliwa na TASAF, mfuko wa Serikali unaosaidia kaya maskini. Orodha ya kaya hizo ipo, ilihakikiwa vijijini na mitaani kwa mikutano ya hadhara, na hakuna haja ya kuunda kamati nyingine ya kutafuta maskini.

Jambo la pili ni mafunzo kwa vitendo, ile miezi ambayo mwanafunzi hutakiwa kwenda kiwandani au kwa mkandarasi. Chuo humpa barua, na barua hiyo ndiyo msaada wote. Mwenye mjomba katika kampuni hupata nafasi. Asiye na mjomba huzunguka na barua yake getini hadi ikachakaa, kisha huishia kwa fundi wa mtaani ambaye humtuma soda na kumwachia kazi ya kuchimbia mabomba ukutani. Baadaye waajiri walewale waliomfungia geti hutangaza nafasi za kazi kwa sharti la uzoefu wa miaka mitatu. Mpango wa uanagenzi unaosimamiwa na ofisi ya Serikali yenye dhamana ya kazi na ajira, ambao humweka kijana chuoni kwa muda na kazini kwa muda, umeonyesha kwamba kampuni zikishirikishwa tangu mwanzo hupokea vijana, na mara nyingine huwabakiza. Udhaifu wake ni kwamba bado unaendeshwa kama mradi wenye awamu. Ungefaa uwe utaratibu wa kudumu, na mwajiri anayepokea wanagenzi apate nafuu katika tozo niliyoitaja.

Serikali yenyewe ni mwajiri mkubwa wa mafundi kuliko inavyojitambua. Mwaka 2021, kutokana na mkopo wa Sh1.3 trilioni wa kukabiliana na athari za UVIKO-19, yalijengwa madarasa 15,000, na mengi yake yalijengwa kwa utaratibu wa fosi akaunti, yaani kamati za shule na kata zikiajiri mafundi wa maeneo yao. Zahanati, vituo vya afya na nyumba za walimu zinaendelea kujengwa hivyo hadi leo. Ni wapi pazuri zaidi pa kumfundishia mwashi, seremala au fundi bomba? Mwongozo wa halmashauri ungeweza kusema kwamba kila jengo la namna hiyo lichukue vijana wawili wa chuo cha ufundi kilicho karibu, walipwe ujira wa saidia fundi, na kazi waliyofanya iandikwe na msimamizi katika daftari lao. Hakuna sheria mpya inayohitajika, ni waraka tu. Tena sheria ya ununuzi wa umma imekwisha kutenga asilimia 30 ya manunuzi kwa makundi maalumu, vijana wakiwamo.

Nije kwenye vifaa, maana hapo ndipo cheti hugeuka karatasi. Kijana wa umeme anapohitimu bila drili, bila mita ya kupimia na bila ngazi, hawezi kuchukua kazi kwa jina lake. Lazima aazime, na anayemwazima huchukua nusu ya malipo. Tena yapo masharti ya leseni. Anayefunga nyaya za umeme anatakiwa kuwa na leseni ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, na mteja anapoomba TANESCO wamuunganishie umeme hutakiwa kuwasilisha fomu na mchoro wenye muhuri wa mkandarasi mwenye leseni. Sharti hilo ni la usalama na naliunga mkono kwa moyo wote, kwa kuwa nimeona nyumba zilizoungua. Matokeo yake, hata hivyo, ni kwamba mhitimu asiye na mtaji hufunga nyaya za nyumba nzima, kisha humlipa mwenye muhuri ambaye hakufika hata kukagua. Vijijini, ambako gharama ya kuunganishiwa umeme ni Sh27,000 na kila mwaka nyumba mpya huingizwa kwenye gridi, kazi ipo ya kutosha. Ingekuwa vyema chuo kimsaidie mhitimu kujaza maombi ya leseni ya daraja la chini kabla hajaondoka, na gharama yake iwe sehemu ya mafunzo.

Mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, ambayo sheria inawapa vijana asilimia 4, wanawake asilimia 4 na watu wenye ulemavu asilimia 2, ilisitishwa mwaka 2023 kwa sababu ya marejesho mabovu na vikundi hewa, kisha ikarejeshwa. Bado inatolewa kwa vijana wakiwa vikundi. Kikundi kinawafaa wafugaji wa kuku. Fundi umeme, mshona nguo na fundi magari waliohitimu mwaka mmoja hawana biashara moja ya kufanya pamoja, na wakiunda kikundi ili wapate mkopo, kikundi hicho hufa siku fedha inapogawanywa. Mhitimu mwenye cheti akopeshwe vifaa vyenyewe badala ya fedha taslimu, na chuo chake kiwe mdhamini.

Kuhusu wasichana wenye watoto nitasema kwa ufupi tu kwamba baadhi ya vyuo 54 vya maendeleo ya wananchi vimeweka mahali pa kulelea watoto wakati mama yuko karakanani, na wasichana wanasoma hadi wanamaliza. Sijui kwa nini karakana mpya za VETA zinachorwa bila chumba cha namna hiyo.

Ombi langu la mwisho ni kwa Waziri mwenye dhamana ya elimu. Atakapowasilisha makadirio yake mjini Dodoma, pamoja na idadi ya vyuo vilivyokamilika na wanafunzi waliodahiliwa, atuambie ni wangapi kati ya waliodahiliwa miaka miwili iliyopita walimaliza kozi zao, wangapi kati ya waliomaliza wanafanya kazi ya fani waliyosomea, na wangapi walitoka katika kaya zinazohudumiwa na TASAF. Vyuo vina daftari za wanafunzi na namba zao za simu, hivyo takwimu hizo zinaweza kukusanywa.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Mwalimu mstaafu wa ufundi,
Temeke, Dar es Salaam