Cherehani isiyo yangu iko chumbani kwangu, na duka linatishia kunikata pesa

Mhariri mpendwa,

Salaam. Naomba nafasi katika ukurasa wenu wa ushauri, na kama mnaye mwanasheria anayewajibu wasomaji, barua hii imfikie yeye kwanza. Nina siku tisa tu.

Mimi ni fundi wa kushona, nashonea nyumbani. Pedali ya cherehani yangu ya umeme iliharibika. Ukikanyaga, mashine inanguruma kidogo halafu inanyamaza, na mshono unakatikia katikati ya pindo. Nikaagiza pedali mpya kwenye duka moja la mtandaoni ambalo nimezoea kununua kwao nyuzi, sindano na bobini. Nikalipa kwa kadi ya benki, nikaletewa uthibitisho wa oda, nikasubiri.

Siku ya nane kijana wa mizigo akagonga mlango. Nilikuwa na gauni la mteja begani na pini mdomoni. Nikatia sahihi kwa kidole kwenye simu yake, akaondoka mbio kwa sababu alikuwa na mizigo mingine. Nilipoinama kuliokota boksi, halikunyanyuka kwa mkono mmoja. Hapo hapo nikajua kuna jambo, maana pedali haifikii uzito huo.

Lebo ilikuwa na jina langu, namba yangu ya simu na namba ya oda yangu, vyote sahihi. Ndani nikakuta cherehani nzima, mpya, ya aina inayoshona na kutarizi, imeshikiliwa pande zote mbili na povu gumu jeupe. Bei yake ni mara nyingi sana ya kile nilichoagiza. Pedali yake nayo imo, kwenye mfuko wake wa nailoni uliofungwa. Nawaambia ukweli wote: kichwa cha waya wa pedali ile kinafanana kabisa na tundu la mashine yangu mbovu. Niliitazama kwa muda mrefu. Mfuko sikuufungua.

Halafu nikaona pembe ya lebo imeinuka, na chini yake kuna lebo nyingine. Kwenye karatasi ya mzigo iliyokuwa ndani limeandikwa jina la mwanamke nisiyemjua, anwani yake na simu yake. Chini kabisa kuna maneno ya aliyenunua: "Mama, hii ni yako. Usiazime tena." Basi. Maneno sita tu, lakini tangu siku ile yamenikaa kichwani, kwa sababu na mimi nilianza ufundi kwa cherehani ya kuazima. Naijua hali ya kungoja mwenye mashine amalize kazi zake ndipo na wewe ukae.

Jioni ile ile niliwaandikia watu wa duka. Nikapiga picha lebo zote mbili, boksi na mashine, nikaeleza kwamba nimeletewa mzigo wa mtu mwingine na wangu haujafika, waje wauchukue wake waniletee wangu. Nilidhani ni jambo la siku mbili.

Mhariri, wamenizungusha kwa wiki sita. Kwanza nilijibiwa na roboti, ikaniambia oda yangu "imefika na imefungwa". Nikaandika tena. Akajibu mtu, akaomba radhi, akaniambia nipeleke mzigo mwenyewe kwenye kituo chao cha kupokelea, kwa gharama yangu, "halafu tutaangalia" suala la pedali. Boksi lile siwezi kulibeba. Ningelazimika kukodi gari, nipoteze siku nzima ya kazi, nilipie kosa ambalo si langu, na mwisho wa yote sijaahidiwa chochote. Nikawajibu kwa heshima kwamba mashine iko salama, waje wakati wowote, nipo nyumbani kila siku. Kimya cha wiki tatu.

Wiki hii ndiyo ikaja barua pepe nyingine, safari hii kutoka idara ya malipo. Inasema kumbukumbu zao zinaonyesha nimepokea cherehani, na nisipoirudisha ndani ya siku kumi na nne watakata bei yake yote kwenye kadi yangu, ambayo imehifadhiwa kwenye akaunti yangu ya duka. Hakuna neno hata moja kuhusu barua zangu. Zile picha nilizowatumia ni kama hazikuwahi kuwepo. Mimi niliyewaambia siku ya kwanza ndiye ninayeandikiwa kama mtu aliyejificha. Hilo limeniuma kuliko hata ile pesa.

Nyumbani kila mtu ana hukumu yake. Mume wangu anasema tuifunge, tuiache, wakija wamekuja. Mdogo wangu wa kiume anasema nimekuwa mjinga, niiwashe nifanyie kazi, kwani amesoma mtandaoni kwamba kitu ukiletewa bila kukiagiza, kisheria ni zawadi yako. Mteja wangu mmoja naye akanitia hofu kwamba huo ni utapeli, kama zile pakiti za mbegu zilizotumwa kwa watu wengi Marekani mwaka 2020 bila wao kuagiza, hadi wizara ya kilimo ikawaonya wasizipande. Lakini vifurushi vya namna hiyo huwa vitu vyepesi vya bei ya chini, vinavyotumwa ili muuzaji apate jina la kuandikia sifa za uongo. Hakuna tapeli atakayenitumia mashine ya kutarizi.

Hoja ya mdogo wangu ndiyo iliyonifanya nikae usiku nisome, na hapa ndipo namhitaji mwanasheria wenu anisahihishe kama nimekosea. Ni kweli kwamba Marekani, tangu sheria ya posta ya mwaka 1970, bidhaa iliyotumwa kwa posta bila kuombwa mpokeaji anaweza kuihesabu kuwa zawadi, na mtumaji haruhusiwi kumletea bili. Umoja wa Ulaya nao, katika Maelekezo ya mwaka 2011 kuhusu haki za walaji, ulisema mtu hadaiwi malipo ya kitu asichokiagiza, na kunyamaza kwake hakuhesabiki kuwa amekubali kununua. Ninavyoelewa, sheria hizi zilitungwa kwa ajili ya wafanyabiashara wajanja: anakurushia kitu mlangoni, halafu anakuja kukudai kwa sababu hukukirudisha. Hapo mwenye duka alikusudia, na ni haki apoteze.

Kwangu hakuna aliyekusudia kitu. Kuna mfanyakazi ghalani aliyebandika lebo juu ya lebo. Ujerumani sheria yao ya madai, kifungu cha 241a, inatenganisha mambo haya mawili waziwazi: mtumaji hapotezi madai yake iwapo mzigo haukukusudiwa wewe, au ulitumwa kwa kudhani kimakosa kwamba uliagiza, na wewe ulijua au ungeweza kujua kama ungekuwa makini. Mimi nilijua ndani ya dakika mbili. Uingereza sheria ya wizi ya mwaka 1968 inakwenda mbali zaidi: mali uliyoipata kwa kosa la mwingine, na unawajibika kuirudisha, inahesabiwa bado ni yake, na ukikusudia kutoirudisha unaweza kuingia matatani. Nilipomsomea mdogo wangu hayo alinyamaza, kisha akasema, "Basi waje waichukue." Na hapo tunakubaliana kabisa.

Maana upande wa pili nao una haki zake, na ndio huo duka halitaki kuusikia. Nimesoma kwamba huko Ulaya na Uingereza, kama hamkupatana tarehe, muuzaji ana siku 30 za kukufikishia ulichonunua. Mimi nimepita siku 50 na pedali sijaiona. Nimesoma pia kwamba muuzaji akikuletea kitu tofauti na mlichopatana, gharama ya kukirudisha ni yake. Uingereza sheria ya haki za walaji ya mwaka 2015 inamtaka muuzaji abebe gharama za kurudisha bidhaa uliyoikataa kwa sababu siyo uliyonunua, na Maelekezo ya Ulaya ya mwaka 2019 yanamtaka, anapobadilisha kitu, akichukue kile cha kwanza kwa gharama yake. Sisemi sheria hizo zinanihusu nilipo. Ila kama kanuni ni moja, inakuwaje mimi ndiye niliyetakiwa kukodi gari?

Mashine nimeihamishia chumbani, juu ya meza, nimeifunika kwa shuka, mbali na dirisha mvua isije ikaipata. Watoto wamekatazwa kuigusa. Kila ninapoingia kulala naiona. Kazi zangu sasa nazishona kwa mkono, au naenda kuazima mashine kwa shoga yangu anapokuwa amemaliza za kwake. Wateja wawili wameshachukua vitambaa vyao wakapeleka kwingine, na siwalaumu.

Naomba mnijibu haya, hata kwa ufupi.

La kwanza ndilo linaloninyima usingizi: je, wana haki ya kukata kadi yangu kwa kitu ambacho sikukinunua? Kadi niliwapa kulipia pedali, na ruhusa niliyotoa ilikuwa ya pedali. Nikiiondoa kadi kwenye akaunti yao leo, itaonekana nimekimbia deni? Au niende benki mapema, kabla siku tisa hazijaisha, niwaeleze na kuwaonyesha barua zote, ili wakikata benki iwe inajua habari? Hadi sasa niliogopa kufanya lolote nisije nikaharibu.

Pili, uangalizi wa mashine yenyewe. Nimeichukua kama amana, ingawa sikuiomba. Ikitokea imeibwa, au bomba likapasuka likailowesha, nitalipa mimi? Na amana hii ina mwisho? Nikiwaandikia barua yenye tarehe, kwamba ikifika siku fulani hawajaja nitaipeleka polisi au kwenye ofisi ya serikali inayoshughulikia haki za walaji, barua hiyo ina nguvu yoyote? Mume wangu amependekeza tuiuze, tujilipe pedali yetu, iliyobaki tuwatunzie. Nimekataa, lakini ningependa kumwonyesha neno la mwanasheria, si la mkewe tu.

Tatu ni yule mama. Ninayo namba yake. Mara mbili nimeiandika kwenye simu nikaifuta. Natamani kumwambia: mashine yako iko kwangu, nzima, njoo uichukue. Lakini nawaza, huenda duka limeshamtumia nyingine, au mwanawe ameshadai pesa zake akarudishiwa. Nikimkabidhi, duka litaniambia nimegawa mali yao, na sitakuwa na cha kuonyesha. Tena namba ile haikuandikwa ili niisome mimi. Imevuja kwangu kwa uzembe wao, na sipendi kuwa mtu wa kumpigia mgeni kwa sababu nimekuta simu yake kwenye boksi. Upande mwingine, kama hata yeye anazungushwa na duka na kuambiwa mzigo wake "umefika", basi picha zangu za ile lebo ya chini zingemsaidia kuliko kitu kingine chochote. Je, nimpigie kumweleza tu, bila kumkabidhi mashine? Au nipitie kwa duka, niwatake wao wamwambie?

Ushahidi ninao wote: uthibitisho wa oda yangu, picha za lebo mbili, barua pepe zangu nne na majibu yao, na tarehe ya kila moja. Jana nimepiga picha nyingine zinazoonyesha mfuko wa pedali haujafunguliwa na sindano ya mashine bado ina ile plastiki yake ya kiwandani. Lebo ya juu sijaibandua. Karatasi ya mzigo nimeirudisha ndani ya boksi pale pale nilipoikuta, yale maneno sita yakiwa juu.

Jina langu naomba msilichapishe. Kama jibu litachelewa kuingia kwenye ukurasa, nawaomba mnitumie hata mistari miwili ya barua pepe kabla ya siku hizo tisa, kuhusu hilo la kadi tu. Mengine naweza kungoja.

Wenu,
Msomaji, fundi wa kushona