Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Jeni, Mitokondria na Kosa Nililolifanya

Ndugu wanachama wa chama chetu cha wenye ugonjwa wa Parkinson, pamoja nanyi mnaotuuguza,

Nianze na aibu ndogo. Katibu alipokuwa akipanga mafaili alitandaza mezani mihtasari ya miaka minne akanionyesha saini zangu. Ya mwaka wa kwanza inavuka mstari. Ya mwisho ingefunikwa na kifungo cha shati. Mimi sikuwa nimeona tofauti yoyote. Mkono unaniambia umeandika kama siku zote. Kwa hiyo taarifa hii nimeichapa, na Makamu Mwenyekiti ndiye atakayeisoma, maana sauti nayo imeanza kuufuata mkono.

Ya kawaida nayapitia upesi. Vikao vya kila mwezi vilifanyika vyote isipokuwa kimoja. Tumepokea wenzetu wapya, na wawili wametangulia mbele ya haki. Tutasimama kuwakumbuka kabla ya kuingia kwenye ajenda. Hesabu atazisoma Mweka Hazina. Aprili 11, siku aliyozaliwa daktari James Parkinson mwaka 1755, tulitembea pamoja kwa mwendo wetu wenyewe, na aliyefika wa mwisho ndiye aliyepigiwa makofi zaidi.

Sasa nije kwenye jambo lililotawala mwaka wetu, ambalo mimi mwenyewe niliwapotosha ndani yake.

Mtakumbuka kwamba katika mkutano mkuu uliopita nilisimama hapa nikasema tatizo letu ni nishati ya seli, na kwamba kirutubisho kiitwacho koenzaimu Q10 kinarudisha nishati hiyo. Sikuwa nauza chochote, lakini baadhi yenu mlinunua kwa sababu yangu. Nilikuwa nimesoma habari ya utafiti mdogo wa mwaka 2002, wa wagonjwa 80, uliotia matumaini. Sikuendelea kusoma. Ningeendelea ningekuta jaribio kubwa lililofuata, la wagonjwa 600, ambalo lilisimamishwa mwaka 2011 kwa sababu waliopewa Q10 hawakuwa na nafuu kuliko waliopewa vidonge vitupu. Kriatini, kirutubisho kingine, nayo ilijaribiwa kwa watu 1,741, ikasimamishwa mwaka 2013 kwa sababu hiyo hiyo. Naomba radhi. Kamati ilinitaka nieleze pia kwa nini hoja iliyosikika vizuri namna ile ilishindwa kazini, na maelezo hayo ndiyo yaliyokula vikao vyetu vingi.

Hoja yenyewe haikuwa ya uongo. Mitokondria ni jiko la seli: humo chakula na oksijeni hugeuzwa kuwa nishati. Mwaka 1982, kule California, vijana waliojidunga dawa ya kulevya iliyotengenezwa vibaya walikakamaa ghafla kama wazee wenye Parkinson wa miaka mingi. Daktari William Langston na wenzake walimkamata mchawi: kemikali iitwayo MPTP, iliyokuwa imechanganyika na dawa ile. Mwilini hugeuka sumu inayoingia kwenye seli za ubongo zinazotengeneza dopamini, kemikali inayosaidia mwili kusogea, na kuziba hatua ya kwanza ya mnyororo wa kuzalisha nishati ndani ya mitokondria. Mwaka 1989 watafiti wa London wakaonyesha kuwa hatua hiyo hiyo imedhoofika katika ubongo wa wagonjwa wa kawaida, ambao hawakuwahi kuigusa sumu hiyo.

Kwa nini seli hizi na si nyingine? Seli ya dopamini ina matawi mengi kupita kiasi. Inakadiriwa kuwa kwa binadamu seli moja inaweza kuwa na maungio zaidi ya milioni moja na seli nyingine, na yote yanadai nishati. Tena haipumziki, inajipigia mapigo yake usiku na mchana. Jiko la mwenye wageni wengi ndilo linaloanza kuharibika.

Hapo ndipo jeni zinapoingia, na hapo ndipo mimi nilipotelezea. Mwaka 1998 watafiti wa Japani waligundua jeni ya parkin kwa wagonjwa walioanza kuugua wangali vijana. Mwaka 2004 ikajulikana ya PINK1. Mtu angedhani jeni hizi zinawasha jiko. Kumbe kazi yake kubwa ni kuondoa majiko mabovu. Mgeni wetu, mtaalamu wa neva, alitueleza hivi: PINK1 ni mjumbe anayetumwa kila mara kwenye mitokondria. Jiko likiwa zima, mlango unafunguka, mjumbe anavutwa ndani na kukatwakatwa, na habari yake inaishia hapo. Likiharibika, umeme wa ukuta wake unashuka na mlango haufunguki. Wajumbe wanarundikana barazani. Wakishakuwa wengi wanamwita parkin, naye analibandika jiko lile alama za protini iitwayo yubikwitini, ili seli ilimeze na kulisaga. Machi 2025 watafiti wa Walter and Eliza Hall Institute, huko Melbourne, walichapisha umbo la PINK1 ya binadamu ikiwa imeng'ang'ania kwenye mitokondria mbovu, yaani mjumbe akiwa pale pale barazani. Ilichukua zaidi ya miaka 20 tangu jeni hiyo ijulikane.

Mjumbe au parkin asipofanya kazi, majiko mabovu yanabaki ndani yakifuka moshi: molekuli kali zinazounguza kila kilicho karibu. Ukiongeza kuni kwenye jiko la namna hiyo unaongeza moshi. Huu mfano wa kuni ni wangu, si wa mtaalamu, na sidai kwamba ndio unaoeleza kila jaribio lililoshindwa. Ila tangu niupate, matangazo ya unga wa "kuongeza nguvu za seli" nayapita bila kugeuka.

Kuna kikao kimoja ambacho sitakisahau. Mama mmoja alikuja na daftari ambalo ameandika majina ya wanawe wanne, mistari imepigwa kutoka kwake kwenda kwa kila mmoja. Alikuwa amesikia kwamba mitokondria hurithiwa kwa mama peke yake, akahitimisha kuwa amewapa wote ugonjwa. Ni kweli mitokondria ina DNA yake ndogo, yenye jeni 37, na hiyo hutoka kwa mama. Lakini parkin na PINK1 hazimo humo. Zimo katika kiini cha seli, kama zilivyo jeni za protini karibu zote za mitokondria, na hutoka kwa baba na mama. Tena ili zilete ugonjwa, kwa kawaida ni lazima nakala zote mbili ziwe na hitilafu. Mgeni wetu alimwambia, "Mama, hii mistari ifute." Akaifuta pale pale, kwa kifutio, mkono ukimtetemeka, na hakuna aliyemsaidia kwa sababu tuliona anataka kuifuta mwenyewe.

Jeni nyingine zina tabia nyingine. LRRK2 inatosha nakala moja yenye hitilafu, lakini wengi wanaoibeba wanazeeka bila kuugua. GBA1 inahusu zaidi usagaji wa taka ndani ya seli. Mwaka 2023 ulichapishwa utafiti uliokuta badiliko la jeni hiyo, ambalo halikuwa limejulikana, kwa watu wenye asili ya Afrika, wakiwemo wengi kutoka Nijeria. Jambo hilo limenifundisha kwamba kipimo kilichotengenezwa kwa kuwaangalia watu wa asili nyingine kinaweza kukupa jibu la "hakuna kitu" ilhali kitu kipo. Kwa wengi wetu tuliomo humu hakuna jeni moja ya kunyooshewa kidole. Ni umri, mazingira na jeni nyingi ndogo ndogo kwa pamoja.

Levodopa, dawa yetu ya Parkinson, haigusi mitokondria. Inarudisha dopamini iliyopungua, basi. Hata hivyo ndiyo inayoniwezesha kufunga vifungo asubuhi, na wenye hitilafu ya parkin mara nyingi huitikia vizuri hata kwa dozi ndogo. Mwenzetu mmoja aliipunguza mwenyewe ili "atibu chanzo" kwa virutubisho, akaanguka bafuni. Amepona na ameniruhusu kulisema. Nami najua fikra ile aliitoa wapi.

Kamati inaleta maazimio mawili. La kwanza: kiongozi yeyote wa chama, nikiwemo mimi, asipendekeze dawa au kirutubisho jukwaani bila daktari mshauri wetu kukipitia kwanza. La pili: mwanachama anayefikiria kupima jeni apate kwanza mazungumzo na mshauri wa masuala ya jeni, akiwa na wa familia yake kama wanaridhia, kwa sababu jibu litakalotoka linawagusa na ambao hawakuomba kupimwa. Kuna waliopinga la pili ndani ya kamati wakiona linachelewesha watu. Watapewa nafasi ya kusema.

Kipindi changu kinaisha leo na sigombei tena. Fomu za uchaguzi anazo Katibu. Muhtasari wa mkutano huu nitautia saini leo leo, na nimeomba niwekewe mstari mrefu.