Kaka, usilikimbie doa la wino

Kaka yangu mpendwa,

Shikamoo. Nimefurahi kusikia kwamba huko Ulaya uliko umeanza kukusanya vitabu vya kale vya ufafanuzi wa sala za Kiyahudi, lakini lile azimio lako la kutonunua chochote chenye doa au maneno yaliyofutwa naomba ulifikirie upya.

Chukua kitabu cha David Abudarham wa Sevilla, alichokiandika mwaka 1340 kwa kuwa aliona watu wengi wanasali bila kuyaelewa maneno wanayoyatamka. Eliezer Toledano alikipiga chapa Lisbon mwaka 1489. Miaka minane baadaye Wayahudi wa Ureno wakalazimishwa kubatizwa. Samuel Nedivot na mwanawe Isaac, wakimbizi kutoka Lisbon, wakakichapa tena Fez, Moroko, mwaka 1516, na hicho ndicho kitabu cha kwanza kinachojulikana kupigwa chapa katika bara letu (shuleni hatukuambiwa haya). Kitabu chenye historia ya namna hiyo utakipataje kikiwa kipya? Tena maandiko matakatifu yakichakaa, desturi ya Kiyahudi ni kuyatenga na kuyazika, hivyo nakala zilizosomwa mno ndizo zilizopungua.

Ukipata nakala iliyokaa Italia, anza na ukurasa wa mwisho, kwa maana ndipo wakaguzi wa Kanisa, waliofuta vitabuni maneno waliyoyakataa, walipozoea kutia sahihi, mmoja wao akiwa Domenico Gerosolimitano, Myahudi aliyebadili dini. Kisha tafuta sala ya Aleinu, ambayo sentensi yake isemayo kwamba wengine husujudia ubatili na utupu ilipakwa wino mara nyingi. Wino wa mkaguzi ulikuwa na chuma, nao hupauka ukawa wa kahawia, na pengine hutoboa karatasi. Wino wa chapa, uliochanganywa masizi na mafuta, hubaki mweusi chini yake, kiasi kwamba leo unaweza kuyasoma maneno yale yale yaliyokusudiwa kufichwa. Rabi David Oppenheim wa Prague aliiweka maktaba yake mbali, Hannover, kwa kuwahofia wakaguzi kama hao.

Kwa hiyo muuzaji akijisifu kwamba amezisafisha kurasa, mimi ningeondoka. Toleo la Lisbon waachie maktaba kubwa. Tafuta la Venice la mwaka 1566, na kabla hujalipa nitumie picha ya ukurasa wa mwisho.

Mdogo wako