Heri ya Mtakatifu Brigita kutoka Kildare

Shikamooni wakubwa zangu, wadogo hamjambo? Na ninyi akina Brigita wa huko nyumbani, pokeeni salamu za somo wenu: leo, 1 Februari, ni siku yake.

Kwa hesabu za hapa Ayalandi, leo baridi imeaga na majira ya kuchipua yameingia. Mimi asubuhi nimekwangua barafu kwenye kioo cha gari, lakini sibishani na wenyeji. Desemba jua lilikuwa linatukimbia saa kumi. Sasa linavumilia hadi saa kumi na moja jioni. Tangu 2023 hata serikali imeongeza siku ya mapumziko, kwa kawaida Jumatatu ya kwanza ya Februari.

Nimekwenda kisimani kwake, Tully, nje kidogo ya mji. Msidhani ni kisima cha ndoo na kamba, ni chemchemi. Watu huzunguka wakisali, kisha hulowesha kitambaa, hukigusisha panapouma, wakakifunga mtini. Kitambaa kikioza, maradhi nayo yanakwisha. Ndiyo maana bibi mmoja aliguna alipoona utepe wa nailoni: "Huyu atakaa na mgongo wake mpaka kiyama!"

Mimi nilibeba pindo la kanga ya marehemu mama, pamba tupu. Maji yaliniuma vidole hadi mifupani. Nikalifunga tawi la chini, nikiyaombea macho yako, shangazi.

Brigita na nguo hawaachani. Husimuliwa kwamba alipoomba ardhi ya kujenga monasteri, mfalme wa Leinster alimwambia achukue kiasi kitakachofunikwa na joho lake. Akalitandaza, likatanda, likatanda, likameza tambarare yote ya Curragh, ambako leo farasi wa mashindano hufanya mazoezi. Basi usiku wa kuamkia sikukuu watu huacha kitambaa nje ili akipita akibariki. Baadaye hufungwa kichwani kichwa kikiuma. Changu nimekianua alfajiri kimekakamaa kama ng'onda.

Msalaba wake, wa nyasi za majimaji, nimeusuka mwenyewe. Umepinda, lakini uko juu ya mlango kukinga moto.

Shangazi, kitambaa cha usiku nitakupa mkononi nikija. Lile pindo la kanga nitalipitia Pasaka, nione kama limeanza kuoza.

Heri ya sikukuu, nyote.