Watoa mada, tuonyesheni slaidi zinazosomeka

Mhariri,

Semina nyingi hapa Uganda huharibikia kwenye projekta. Mtoa mada hunakili ripoti nzima kwenye slaidi, kisha huwapa watu mgongo na kuisoma. Wasikilizaji husoma kimya haraka kuliko anavyotamka. Wakimaliza, hawamsikilizi tena.

Slaidi moja ibebe hoja moja, na kichwa chake kiwe sentensi kamili: "Ukame ulipunguza mavuno ya kahawa", si "Mavuno" tu. Herufi zisipungue pointi 28. Ukumbi wenye madirisha makubwa hufifisha rangi, kwa hiyo tumia maandishi meusi juu ya nyeupe. Njano juu ya nyeupe ni kazi bure. Jedwali la safu 12 liende kwenye karatasi za kugawa. Kisha nenda kiti cha mwisho ujaribu kusoma mwenyewe.

Kwa dakika 10, slaidi 8 zatosha. Fanya mazoezi kwa sauti, saa mkononi. Kusoma kimoyomoyo hudanganya. Beba nakala ya PDF kwenye flashi, maana kompyuta ya wenyeji ikikosa fonti yako, mistari huvurugika. Umeme nao (tunaujua!) hukatika, basi chapisha nakala yako.

Mkufunzi wa mawasiliano,
Mbale