Wagombea huukumbuka mtandao wakiwa wamechelewa

Mhariri,

Timu nyingi za kampeni huukumbuka mtandao siku chache kabla ya kura, kisha hushangaa tangazo limekataliwa. Kwenye Facebook, katika nchi nyingi, anayelipia tangazo la siasa huthibitisha kwanza utambulisho wake, kisha tangazo huonyesha nani amelilipia. Kazi hiyo huweza kula siku kadhaa. Picha ya kitambulisho ikiwa na ukungu, mnaanza upya. TikTok ndiyo kabisa: tangu 2019 haipokei matangazo ya siasa ya kulipia, kwa hiyo msitenge hata senti.

WhatsApp nako kuna lake. Ujumbe uliokwisha kusambazwa mno hupelekwa kwenye gumzo moja tu kwa mara moja. Kununua orodha za namba za watu hakusaidii, maana wapokeaji wakilalamika akaunti hufungiwa. Bora mawakala wa kila eneo wapewe video ya sekunde 30, nyepesi kupakua, yenye maandishi chini kwa kuwa wengi hutazama bila sauti. Hoja ianze sekunde ya kwanza, si nembo ya chama ikizunguka (kosa hili halizeeki!).

Idadi ya "likes" msiihesabu. Hesabuni waliojiandikisha kujitolea.

Mtayarishaji wa matangazo ya mtandaoni